Vina

Uzi mweupe ndio ulioanza kunisema.

Nilikuwa na zulia la watu mapajani,
limefumwa Heris, umri wake mara mbili ya wangu,
pembe moja panya wameitafuna kama mkate.
Nikafunga fundo, nikakata kwa meno
kama nilivyokata miaka thelathini na minne
(mkasi ninao; mkasi ni wa kuonyesha wageni),
na pale nilipouma
pakabaki nukta nyekundu,
kama kituo mwishoni mwa sentensi
ambayo sikuiandika.

Nikailamba. Nikaendelea.
Damu ya fizi nani aliwahi kuihesabu?
Mama alitema nyekundu kila asubuhi
juu ya theluji ya ua,
nasi watoto tukadhani ndivyo wakubwa wanavyopiga mswaki.
Alizikwa na meno manne
na moyo uliosimama akiwa anamenya vitunguu,
na hapa Tabriz nzima hakuna aliyeyataja hayo mawili
kwa pumzi moja.

Chai yetu haikorogwi.
Bonge la sukari unalibana kwa meno ya mbele,
chai ikapita juu yake, ya moto, ikaondoka nalo.
Siku ya baridi mimi nahesabu glasi kumi na moja.
Eyvaz, mume wangu, anahesabu kumi na tano.

Halafu jino la chini likaanza kucheza.
Si kuuma. Kucheza,
kama kigingi kilicholegea.

Daktari Sevil, binti wa muuza rangi za sufu,
ni mdogo kuliko mkasi wangu.
Akapenyeza kijiti chenye alama
kati ya jino na ufizi, akimsomea msaidizi:
tatu, nne, sita, saba, saba.
Nikadhani ananihesabia mafundo.
"Ni vina, mama. Ufizi umeachana na jino,
pamekuwa visima."
Basi nina vina mdomoni, nami si mshairi.

Ila hakuuliza habari za meno.
Aliuliza: usiku unaamka mara ngapi?
Hicho kidonda cha kidole kina muda gani?
(Sindano. Tangu kabla ya Noruzi.)
Na nyayo, zinakufa ganzi?
Nikautoa mkono wake kinywani mwangu:
"Binti, ulisomea meno au ulisomea uchawi?"

Akacheka, akaniandikia kipimo cha damu,
ileile niliyokuwa nikiilamba.
Kisukari.

Alinichorea mishipa, sikuielewa.
Nondo ninamwelewa.
Nondo haanzii katikati, macho ya wageni yalipo;
huanzia chini, kwenye giza,
na siku unapoinua pembe
mtande umekwisha kuliwa.
Na mtande ni mmoja, kutoka juu hadi chini.
Sukari huzichokoza fizi, fizi zikiiva huichochea sukari,
kama majirani wawili wanaotupiana taka,
na ua wenyewe ni mimi.

Kikulacho ki kinywani mwako.

Nikamuuliza habari za Mama.
Akakaa kimya, akivua glavu kidole kwa kidole.
"Siwezi kukuambia fizi ndizo zilizomuua.
Hilo halijui mtu.
Naweza kukuambia tu kwamba mlango ulikuwa wazi."

Sasa nakata kwa mkasi.
Eyvaz ameficha bakuli la sukari kwenye jiko bovu,
nami najua, naye anajua kwamba najua.
Chai tupu ina ladha ya maji ya kuoshea sufu.
Usiku napitisha uzi mwingine, wa nta,
kati ya jino na jino.
Wiki ya kwanza ulitoka kama wa kufumia waridi.
Jana nimeuinua kwenye taa, nikaukagua
kwa jicho lile la kukagulia zulia la watu:
nukta moja. Labda mbili.

Jino lile liling'olewa.
Siku hizi nikitamka *sukari*
herufi ya kwanza hupiga mluzi,
na Eyvaz hugeuka
kana kwamba nimemwita.